Kromosomu Pacha Hushikwa Zinapozaliwa

Tulikuwa tumepasha moto ncha za mizizi ya kitunguu katika asidi, tukazitia rangi ya aseto-osini, tukazibana chini ya kioo chembamba hadi seli zikatandazika, na wanafunzi wa kidato cha sita walikuwa wakipokezana hadubini. Binti mmoja ambaye si mwepesi wa kuuliza maswali alikaa kwenye hadubini kuliko zamu yake. Alikuwa amepata seli nzuri kweli: kromosomu zimenenepa, zimejipanga katikati, na kila moja inaonekana wazi kuwa ni mbili zilizolala ubavu kwa ubavu.

"Mwalimu," akasema bila kuinua kichwa, "kitunguu kina kromosomu 16. Zikishanakiliwa zinakuwa nyuzi 32. Seli inajuaje kwamba huu na huu ni nakala za kromosomu ileile?"

Nikamjibu kama vitabu vya shule vinavyojibu, kwamba nakala mbili hubaki zimeunganishwa kwenye sentromia, yaani kiuno chembamba cha kromosomu, mpaka seli itakapogawanyika.

"Naelewa, Mwalimu. Lakini hapa zimeshanenepa. Mimi nauliza kabla ya hapo, zikiwa bado nyuzi ndefu zilizotapakaa kwenye kiini. Wakati huo zinashikwa na nini?"

Kengele ikalia, tukakusanya vioo, na kipindi kikaisha.

Swali lile halikuisha. Lilinifuata kwa wiki kadhaa, nikisahihisha madaftari, nikisubiri daladala, nikiwa jikoni, kwa sababu kila nilipojaribu kulijibu kwa maneno yangu mwenyewe niligundua kuwa "sentromia" inataja mahali tu. Haielezi kinachoshika, wala lini kilianza kushika. Nikaanza kusoma makala za utafiti, jioni baada ya jioni, na haya ndiyo niliyoyapata na yaliyonishughulisha.

## Tatizo lenyewe lilivyo kubwa

Seli moja ya binadamu ina DNA yenye urefu wa takriban mita 2, iliyogawanyika katika kromosomu 46 na kuhifadhiwa ndani ya kiini chenye upana wa kama maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Seli inapojiandaa kugawanyika, DNA hiyo yote hunakiliwa kwa muda wa karibu saa 8, na kazi haianzii mwisho mmoja na kwenda mwingine, bali huanza katika maelfu ya sehemu zilizotawanyika. Mwisho wa kazi hiyo kuna molekuli 92, urefu wake umefika mita 4, na kiini bado ni kile kile kidogo. Kisha zinapita saa nyingine kadhaa kabla kromosomu hazijanenepa na kuonekana.

Fikiria sasa kwamba seli ingengoja hadi wakati huo ndipo itafute nani ni nakala ya nani.

Nakala mbili za kromosomu namba 7 uliyorithi kwa mama zinafanana herufi kwa herufi. Lakini ndani ya kiini hicho hicho zimo pia nakala mbili za kromosomu namba 7 uliyorithi kwa baba, ambazo zinatofautiana na zile za mama kwa takriban herufi moja tu katika kila herufi elfu. Ili isizichanganye nyuzi hizo nne, seli ingelazimika kuzisoma zote kwa mamilioni ya herufi na kuzilinganisha, na ingelazimika kufanya hivyo bila kukosea kila inapogawanyika, katika mwili wenye seli matrilioni.

Seli haifanyi hivyo.

Haitafuti kabisa. Inazishika nakala mbili pale pale zinapotoka kwenye mashine ya kunakili, kabla hazijapata nafasi ya kupoteana, na tangu hapo haina haja ya kujua chochote juu ya kufanana kwao. Hilo ndilo jambo ambalo mwanafunzi wangu aliligusa, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya mambo makubwa ya biolojia ambayo masomo ya shule yanayapita haraka mno.

## Ile picha ya herufi X

Kila mtu aliyesoma biolojia anaikumbuka picha ya kromosomu yenye umbo la X: mikono minne iliyoachana, na kiuno kimoja katikati. Picha hiyo ndiyo inayotufanya tuamini kwamba nakala pacha hushikana kiunoni tu. Ni picha ya kweli, lakini ni muhimu kujua inavyopatikana. Seli hutiwa dawa kama kolkisini, ambayo huzuia nyuzi za kuvuta kromosomu zisijengeke, na hivyo seli hukwama katikati ya mgawanyiko. Kadiri inavyokaa imekwama, ndivyo mikono ya kromosomu inavyozidi kuachana.

Katika seli za wanyama wenye uti wa mgongo, kitu kinachoshika nakala pacha huanza kuondolewa kwenye mikono mara tu mgawanyiko unapoanza. Maabara ya Jan-Michael Peters mjini Vienna ililionyesha hilo mwaka 2000. Kwenye sentromia hakiondolewi, kwa sababu huko kinalindwa na protini iitwayo shugoshini, ambayo kundi la Yoshinori Watanabe la Tokyo liliieleza mwaka 2004. Kwa hiyo X ni sura ya masalia. Inaonyesha mahali pa mwisho ambapo mshikamano ulikuwa bado haujafunguliwa, wakati saa chache kabla ya hapo nakala hizo zilikuwa zimeshikwa kwa urefu wao wote, kutoka ncha hadi ncha.

Nilipofika hapo nilielewa kwa nini jibu la sentromia lilikuwa halimtoshi yule binti. Jibu hilo linahusu dakika za mwisho za hadithi, na yeye aliuliza juu ya mwanzo wake.

## Dhana iliyokuwa ya kuvutia

Kabla haijajulikana kwamba kuna protini maalumu ya kazi hii, kulikuwa na maelezo ambayo hadi leo nayaona kuwa mazuri sana, hata kama hayakusimama. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukizitenganisha ili kunakili kila mmoja, ule msokoto wa zamani unaweza kuhamia kwenye nakala mpya, zikawa zimezungukana zenyewe. Mwaka 1985 Andrew Murray na Jack Szostak walipendekeza kwamba huenda kusokotana huko ndiko kunakozishikilia nakala pacha: hakuna haja ya gundi wala ya kibano, kwa sababu kunakili kwenyewe kunaacha kifundo, na kimeng'enya cha kufungua vifundo vya DNA, topoisomerasi ya pili, kinazitenganisha saa inapofika.

Inavutia kwa sababu inajibu swali la wakati bila kuongeza kitu chochote. Kifundo hakiwezi kuwafunga wasio ndugu, maana kinatokana na tendo lenyewe la kunakili.

Miaka miwili baadaye Douglas Koshland na Leland Hartwell waliipima dhana hiyo kwa hamira, ile ile inayoumulia maandazi, wakitumia kromosomu bandia ndogo za duara. Waliposimamisha seli kabla ya nakala kuachana, walikuta duara hizo hazijafungamana, zilikuwa zimeshafunguka. Na bado, seli ziliporuhusiwa kuendelea, nakala hizo ziligawanywa vizuri, moja huku na moja kule.

Kusokotana kupo, na kimeng'enya cha kufungua msokoto huo ni cha lazima. Ila si ndiko kunakoshikilia. Kulikuwa na kitu kingine.

## Nukta moja, nukta mbili

Kitu hicho kilipatikana mwaka 1997 katika maabara mbili kwa wakati mmoja: ya Kim Nasmyth mjini Vienna na ya Koshland mjini Baltimore, na makala zao zikatoka katika toleo moja la jarida la Cell. Kundi la Vienna lilitumia mbinu ambayo ningependa kila mwanafunzi aione. Waliingiza katika kromosomu moja ya hamira kipande cha DNA ya bakteria kilichorudiwa mara nyingi, kisha wakaifanya seli itengeneze protini inayonata kwenye kipande hicho, iliyounganishwa na protini ing'aayo kijani inayotokana na kiwavi wa baharini, yule samaki-rojo. Ukiangalia kwa hadubini, kromosomu hiyo inaonekana kama nukta ya kijani. Baada ya kunakiliwa nukta zinakuwa mbili, lakini kwa kuwa nakala zimeshikana sana, jicho linaona moja tu. Zikiachana, unaona mbili.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa kutafuta hamira zenye hitilafu, ambazo nukta mbili zinaonekana kabla ya wakati wake.

Walizipata, na jeni zilizoharibika zilikuwa za protini Smc1, Smc3 na nyingine waliyoiita Scc1, ambayo wenzao wa Baltimore walikuwa wameipata pia na kuipa jina la Mcd1. Pamoja na protini ya nne, Scc3, zinaunda kundi moja linaloitwa kohesini. Binadamu anazo, kitunguu kinazo, inzi anazo.

## Protini ipo, wakati umepita

Kwangu mimi, kilele cha hadithi hii si ugunduzi wa kohesini bali jaribio lililofuata mwaka mmoja baadaye, ambalo Frank Uhlmann na Nasmyth walilichapisha mwaka 1998. Waliuliza swali rahisi kwa kuliangalia: seli ikikosa Scc1 wakati wa kunakili DNA, kisha ikapewa baada ya kunakili kwisha, itaweza kurekebisha?

Walitumia hamira ambazo utengenezaji wa Scc1 uliwashwa kwa sukari ya galaktosi. Zilipopewa galaktosi mapema, Scc1 ikawepo wakati DNA inanakiliwa, nakala pacha zikashikana kama kawaida. Zilipocheleweshwa hadi kunakili kukamilike, Scc1 ilitengenezwa vizuri, ikaenda hadi kwenye kromosomu, ikakaa pale inapostahili kukaa. Kwa kila kipimo cha kawaida cha biokemia, kohesini ilikuwa kazini.

Na nakala hazikushikana.

Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi, kwa sababu ilipindua namna nilivyokuwa nikifikiri. Nilikuwa nikidhani kwamba ukishajua protini inayofanya kazi fulani umeshajua jibu, na kwamba muhimu ni iwepo kwa wingi wa kutosha. Hapa protini ilikuwepo, mahali palikuwa pale pale, DNA ilikuwa ile ile. Kilichokosekana ni kuwepo kwake wakati nakala ya pili inazaliwa.

Mkunga anayezalisha mapacha wa kufanana huwafunga utepe mkononi papo hapo, mmoja baada ya mwingine, kabla hata ya kuwapima uzito. Akisubiri hadi wamelazwa na watoto wengine wodini, hakuna utepe mzuri kiasi gani utakaomsaidia. Utepe utafunga mkono, lakini hautajua ni mkono wa nani.

Hivyo ndivyo ilivyo kohesini iliyochelewa. Inaishika DNA, lakini inaishika moja moja.

## Kwa nini umbo lake ni pete

Kwa nini kohesini inaweza kukaa kwenye kromosomu bila kushikanisha nakala mbili? Jibu lilikuja umbo lake lilipofahamika. Smc1 na Smc3 ni protini ndefu zilizokunjwa, kila moja ikiwa na mkono wa karibu nanomita 50, na zimeungana kwenye ncha moja. Ncha zao nyingine mbili zinaunganishwa na Scc1, na hivyo umbo zima linafunga. Mwaka 2002 Christian Haering na wenzake katika maabara ya Nasmyth walipendekeza kwamba kohesini haiigandi DNA kama gundi, bali inaizunguka kama pete. DNA yenyewe ina unene wa nanomita 2 tu, kwa hiyo ndani ya pete kuna nafasi ya nyuzi mbili, hata zikiwa zimebeba protini zake.

Dhana hii ilipingwa na wengi, na upinzani ulikuwa wa haki, kwani umbo la pete katika picha halithibitishi kwamba DNA inapita katikati yake. Uthibitisho ulihitaji ujasiri wa aina yake. Mwaka 2008 kundi hilo lilitengeneza kohesini ambayo maungio yake yote yangeweza kuzibwa daima, kwa kutumia mabadiliko ya kijenetiki pamoja na kemikali inayounganisha protini. Wakazitumia kwenye kromosomu ndogo za duara, wakaziba maungio, kisha wakapasha moto mchanganyiko huo pamoja na sabuni kali inayovuruga kila protini na kuiachisha chochote ilichokigandia. Kama kohesini ingekuwa gundi, nakala zingeachana.

Hazikuachana. Duara mbili za DNA zilibaki pamoja, zimepitishwa ndani ya pete ambayo protini zake zilikuwa zimeshavurugika umbo, lakini haikuwa na mwanya wa kuzitoa.

Hapo jaribio la 1998 likapata maana ya wazi zaidi. Pete iliyokuja kwa kuchelewa ilizunguka uzi mmoja tu. Hakuna kitu katika pete kinachoweza kuiambia ni uzi upi mwingine wa kuufuata.

## Mashine inapitaje?

Hapa ndipo nilipopata shaka kubwa kuliko zote. Kohesini huanza kuwekwa kwenye kromosomu kabla ya kunakili, kwa msaada wa protini Scc2 na Scc4. Kwa hiyo mashine ya kunakili inaposafiri juu ya DNA, inakutana na pete ambazo tayari zimeuzunguka uzi huo mmoja. Mashine hiyo si ndogo: ina kimeng'enya cha kufungua nyuzi, vimeng'enya vya kunakili, pete ndogo ya PCNA inayovishikilia, na protini nyingine nyingi. Je, inapita ndani ya pete ya kohesini na kuacha nyuma nyuzi mbili badala ya mmoja? Au pete inatolewa, kisha nyingine inafungwa nyuma ya mashine?

Jibu la kwanza ni zuri mno. Kama mashine inapita ndani ya pete, basi ushikaji unajifanya wenyewe: kilichoingia kama uzi mmoja kinatoka kama nyuzi mbili, na pete haikufunguka hata mara moja. Nilitamani liwe ndilo jibu pekee.

Utafiti uliochapishwa na kundi la Nasmyth mwaka 2020, kwa kutumia hamira, ulionyesha kwamba njia zote mbili zipo. Kuna pete zilizokuwepo kabla, ambazo hubadilika kutoka kuzunguka DNA moja hadi kuzunguka mbili, na hizi zinategemea protini zinazosafiri na mashine yenyewe, kama Tof1, Csm3 na Ctf4. Na kuna pete mpya zinazowekwa juu ya nakala changa kwa msaada wa Scc2. Njia moja ikiharibika, nyingine inabeba sehemu ya kazi, na seli inaishi. Zikiharibika zote mbili kwa pamoja, haiishi.

Nilihuzunika kidogo kuona jibu zuri likigawana nafasi na jingine, kisha nikaona kwamba jambo la msingi halikubadilika. Njia zote mbili zinafanya kazi mahali pamoja, nyuma tu ya mashine, ambako nakala mbili ziko karibu sana na hakuna uzi wa kigeni kati yao.

## Kufunga baada ya kushika

Pete iliyoshika inaweza pia kufunguka. Kuna protini iitwayo Wapl ambayo kazi yake ni kuifungua kohesini, kwenye ungio la Smc3 na Scc1, na kuiachia DNA. Kabla ya kunakili, pete nyingi huja na kuondoka kwa namna hiyo. Kama hali ingeendelea hivyo baada ya kunakili, ushikaji usingedumu hadi mgawanyiko, na pete zikishatoka haziwezi kurudi na kushika mbili.

Ndiyo maana kuna Eco1. Ni kimeng'enya kinachosafiri pamoja na PCNA, na kinapopita kinapachika vikundi vya asetili kwenye asidi amino mbili za Smc3 zinazofuatana, laisini za namba 112 na 113 katika hamira. Maabara kadhaa zilionyesha hilo mwaka 2008. Pete iliyotiwa alama hiyo haifunguliwi na Wapl.

Hamira isiyo na Eco1 hufa, na kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba Eco1 ndiyo inayojenga ushikaji. Kisha ikaonekana jambo la ajabu: ukiondoa Eco1 na Wapl kwa pamoja, hamira inaishi, ingawa nakala zake hazishikani kwa uimara wa kawaida. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya Eco1 ni kuzuia kufunguliwa kwa kile kilichokwisha kushikwa. Katika binadamu wapo ndugu zake wawili, ESCO1 na ESCO2. Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa Roberts, wenye mikono na miguu iliyofupika sana, wana hitilafu katika jeni ya ESCO2, na kromosomu zao zikiangaliwa kwa hadubini zinaonekana zimetanuka mahali pa sentromia.

## Sheria ina mlango mmoja

Mwaka 2007 kundi la Camilla Sjögren la Stockholm na kundi la Koshland waliripoti kwamba sheria iliyotokana na jaribio la 1998, kwamba nakala hushikwa wakati wa kunakili tu, inaweza kulegezwa. DNA ikikatika baada ya kunakiliwa, seli inaruhusu ushikaji mpya ujengwe, hata kwenye kromosomu ambazo hazikukatika. Nilipolisoma hilo nilidhani hoja yangu yote imeanguka: kumbe pete iliyochelewa inaweza kushika mbili.

Nilipolifikiria zaidi niliona kwamba haikuanguka. Ushikaji huo mpya unajengwa juu ya nakala ambazo tayari ziko pamoja kwa sababu ya pete za mwanzo. Pete mpya haitafuti ndugu. Inamkuta amewekwa karibu na waliotangulia. Na faida yake ni ya wazi, kwa kuwa nakala pacha iliyo karibu na nzima ndiyo kiolezo bora cha kutengeneza iliyokatika.

## Kukata

Mwisho wa pete ni wa ghafla. Kromosomu zote zikishajipanga na kuvutwa kutoka pande zote mbili, protini ya sekurini huharibiwa, na kimeng'enya cha separasi kilichokuwa kimezuiliwa nayo kinaachiwa kukata Scc1. Uhlmann na wenzake walionyesha mkato huo mwaka 1999, na mwaka uliofuata wakaweka katika Scc1 sehemu inayokatwa na kimeng'enya cha kirusi cha tumbaku. Walipokiwasha kimeng'enya hicho cha kigeni, nakala ziliachana na kwenda pande mbili bila separasi kufanya kazi. Kukata pete kulitosha.

## Mayai

Yote niliyoeleza hadi sasa yanahusu pete zinazokaa kwa saa chache. Kuna seli ambazo pete zake zinakaa kwa miongo.

Mwanamke huanza kutengeneza seli za mayai akiwa yeye mwenyewe bado tumboni mwa mama yake. DNA ya seli hizo hunakiliwa wakati huo, pete zinawekwa wakati huo, kisha kazi inasimama. Anazaliwa na seli za namna hiyo kati ya milioni 1 na 2, na kila moja inasubiri hadi mwezi wake utakapofika, pengine baada ya miaka 15, pengine baada ya 45. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko unaotengeneza mayai na mbegu, nafasi ya Scc1 inachukuliwa zaidi na protini ya Rec8, lakini pete ni ile ile kwa umbo, na hapa inabeba mzigo wa ziada: pete za kwenye mikono ndizo zinazozuia kromosomu ya mama na ya baba, zilizokwisha kubadilishana vipande, zisiachane mapema.

Mwaka 1933 Lionel Penrose wa Uingereza alionyesha kwamba kuzaliwa kwa mtoto mwenye ugonjwa wa Down kunahusiana na umri wa mama, na kwamba umri wa baba ukitengwa katika hesabu hauonekani kuwa na athari. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Paris walitangaza kwamba watoto hao wana kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Uwezekano wake ni kama mtoto 1 katika 1,000 kwa mama wa miaka 30, kama 1 katika 100 kwa mama wa miaka 40, na kama 1 katika 30 afikapo 45. Baba hutengeneza mbegu upya maisha yake yote, kila kundi kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, na pete zake huwa mpya daima.

Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2010 ulifanya kwa mayai jaribio linalofanana sana na lile la hamira la 1998. Seli za mayai zilizokwisha kunakili DNA zamani ziliwezeshwa kutengeneza Rec8 mpya isiyokatwa, kisha pete za zamani zikakatwa. Rec8 mpya ilikuwepo, lakini kromosomu ziliachana. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa panya ulionyesha hali hiyo kwa mayai yaliyosubiri kwa miezi: hapakuonekana dalili ya pete za zamani kubadilishwa kwa mpya. Na katika mayai ya panya wazee, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2010, kohesini iliyobaki kwenye kromosomu ni pungufu sana kuliko ya panya vijana, na kilinzi chake, shugoshini, kimepungua pia.

Kuzeeka kwa pete si sababu pekee ya kromosomu kugawanyika vibaya. Mahali ambapo kromosomu hubadilishana vipande nako kuna uzito wake. Lakini nimeona akina mama katika mitaa yetu wakiulizwa, mbele ya mtoto, walikula nini wakati wa mimba, walimkosea nani, walibeba mzigo gani. Mama wa miaka 42 anayeulizwa hivyo anaulizwa juu ya miezi tisa iliyopita, wakati pete zilizoshika kromosomu ya 21 katika yai lile ziliwekwa miaka 42 iliyopita na zaidi, kabla yeye mwenyewe hajazaliwa, na tangu siku hiyo, kama ni kwa binadamu ilivyo kwa panya, mwili wake haukuwa na njia ya kuweka nyingine.